Pua ya Ayeeyo

Jumanne, tarehe tatu Novemba 2020, mama mkwe wangu alipoteza pua. Haikukatwa wala haikuvunjika. Ilibaki pale pale usoni, ndefu na iliyonyooka, ila ukibisha hodi ndani hakuna wa kuitika. Yeye mwenyewe tulimpoteza miaka mitatu baadaye kwa ugonjwa mwingine, lakini nikikaa kumkumbuka huwa naanzia siku ile ya pua, kwa sababu huko ndiko kicheko chake kilikobaki. Kulia nimelia, na sikulia mbele za watu. Hapa nataka tu kuandika vile mambo yalivyokuwa. Nilisoma mpaka darasa la nane, kwa hivyo habari za virusi nitazieleza jinsi nilivyoelezwa, na pale nisipojua nitasema sijui.

Katika banda letu la maziwa kila mtu alimwita Ayeeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Hata wazee wenye wajukuu wao walimwita hivyo. Mimi nilimwita Mama. Kazi yetu ni maziwa ya ngamia. Wafugaji huyaleta mjini Isiolo asubuhi, wengine kwa pickup, wengine kwa pikipiki, katika mitungi ya plastiki iliyofukizwa moshi ndani ili maziwa yasiharibike njiani. Sisi tunayapokea, tunayachanganya, kisha yanapanda basi kwenda Nairobi. Mtungi mmoja mbaya ukimiminwa pamoja na mizuri, mzigo wote umekwisha. Ndiyo maana mlangoni mwa banda palihitajika pua, na pua hiyo ilikuwa yake.

Babu yake alikuwa askari wa Waingereza, mmoja wa wale walioachwa Isiolo vita vilipokwisha. Ayeeyo alipenda kusema kwamba serikali ilimpa babu medali na Mungu akampa pua. "Medali ilipotea zamani," alisema, "na hakuna aliyeitafuta. Lakini pua hii ikipotea, mji mzima utatapika."

Kunusa kwenyewe kulikuwa na taratibu. Alifungua kifuniko, akapuliza ndani, fuu, kuifukuza hewa iliyolala humo. Kisha aliingiza pua mpaka mdomo wa mtungi ukamwachia duara usoni, akafunga macho. Tulingoja. Hukumu ilikuwa moja kati ya mbili: "Ingia," au "Rudi nyumbani." Aliyaambia maziwa, si mwenye maziwa, kwa hivyo mwenye maziwa hakuwa na mahali pa kujibu.

Lakini wafugaji ni watu wa kujibu hata pasipo mahali. Kwa hiyo palikuwa na mashahidi. Ayeeyo akishanusa, wanawake wengine wawili au watatu walinusa mtungi ule ule, mmoja baada ya mwingine, ili mtu asiseme ameonewa. Mimi nilikuwa shahidi. Shahidi mwingine alikuwa mama mmoja Mborana, rafiki yake mkubwa, mwanamke mnene wa maneno mengi ambaye akicheka mitungi hutikisika. Kila mmoja alipuliza, akaingiza uso, akavuta. Ulikuwa ushahidi mzuri sana, hakuna mahakama ingeukataa.

Halafu ukaja mwaka wa korona.

Tulikuwa watiifu, nataka ijulikane. Tuliweka ndoo ya maji yenye bomba mlangoni, na sabuni imefungwa kwa kamba kama mbuzi. Tulivaa maski. Mitungi tuliisugua kwa nje kwa maji ya sabuni kabla ya kuigusa. Watu wa afya wa kaunti walipopita walitusifu, mmoja akatupiga picha. Mama wa Kiborana alikuwa mkali kuliko askari. Mwenye pikipiki akifika bila maski alimfukuza kwa ufagio: "Wewe! Unatuletea maziwa ama unatuletea jeneza?"

Ila hakuna mtu anayeweza kunusa maziwa akiwa na maski. Kwa hiyo ilipofika saa ya kunusa tuliishusha kidevuni, kwa adabu, tukapuliza ndani ya mtungi, tukaingiza nyuso zetu katika tundu moja, tukavuta pumzi ya aliyetangulia, tukapandisha maski tena. Mikono yetu ilikuwa safi kabisa.

Hatukuliona hilo. Naapa hatukuliona. Kwetu mtungi ulikuwa chombo, na mbele ya chombo humwogopi mtu.

Jumanne ile ulikuja mtungi kutoka Burat. Ayeeyo akapuliza, akanusa, akasema, "Ingia."

Ikawa zamu yangu. Nilivyoinama tu nikarudi nyuma. Yalikuwa yameharibika waziwazi, yananuka kama soksi iliyosahaulika kwenye kiatu cha mvua.

"Mama," nikasema, "haya yamechacha."

"Yamechacha wapi?"

"Hapa hapa, Mama. Ndani ya mtungi."

Akanitazama kama ninayemletea chai ya jana. "Unajua mwanangu alikuoa ukiwa hujui kutofautisha maziwa ya ngamia na ya mbuzi?"

"Najua, Mama. Lakini haya yamechacha."

Mwenye mtungi, kijana mwenye koti kubwa la jeshi, akaona bahati yake. "Ayeeyo ameshasema ingia! Nani mkubwa hapa?"

Mama wa Kiborana akanusa, akakunja uso, akamtazama rafiki yake, kisha akatazama juu, akaanza kuzungumza habari za mawingu. Alikuwa amesikia harufu kama mimi. Hakutaka kuwa wa kusema.

Mwishowe yeye huyo huyo aliokoa jambo. "Tuweke chai," akasema. "Tuwawekee hawa wanaogombana chai." Akachota maziwa kidogo mtungini, akayatia kwenye sufuria, akaiweka juu ya jiko. Tulisimama tukiangalia sufuria kama televisheni. Yalipoanza kuchemka yakakatika, mabonge huku na maji kule. Kijana wa koti akachukua mtungi wake na kuondoka bila kuambiwa arudi nyumbani.

Ayeeyo alichukua mtungi uliofuata, akaweka pua, akakaa humo muda mrefu mno. Alipoinua uso alikuwa na duara lake la kawaida, na macho ya mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Nyumbani kwetu Kiwanjani mume wangu alitaka kuhakikisha. Yeye ni dereva wa lori, anaamini kila kitu kinaweza kupimwa. Alimfunga mama yake macho kwa shela, akamletea kitunguu kilichokatwa.

"Kitunguu," akasema Ayeeyo.

"Umejuaje, Mama?"

"Macho yanalia, mjinga wewe."

Akamletea mafuta ya taa. Akajibu sawasawa, maana chupa ilicheza na akaisikia. Akamletea ubani kwenye kaa la moto. "Ubani," akasema, "nimesikia ukichota majivu." Alikuwa anashinda mtihani wote bila pua. Mwisho mume wangu akamwekea mkono wake mtupu, hakuna kitu. Ayeeyo akavuta pumzi, akafikiri sana.

"Karafuu," akasema.

Tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Naye alicheka, kisha akaifungua shela mwenyewe, akasema polepole, "Hakuna kitu. Ni kama nimeweka pua ukutani. Sasa mimi ni nani pale mlangoni?" Hapo kicheko kikaisha. Kwake hilo ndilo lilikuwa swali, wala hakuuliza kama atakufa.

Asubuhi tulikwenda kupimwa, yeye, mimi na mama wa Kiborana. Nesi alikuwa kijana wa Kimeru, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Habari ya asubuhi, shosho," akasema, yaani nyanya.

"Mimi si shosho yako. Mimi ni Ayeeyo. Nimepoteza pua."

"Pole sana, Ayeeyo. Tutaitafuta."

Ayeeyo akampenda hapo hapo.

Miaka ya nyuma watafiti waliwahi kuja kwa wafugaji wetu wakiwatia ngamia vijiti vya pamba puani. Tuliwacheka sana. Basi nesi alipotoa kijiti kirefu, mama wa Kiborana akapiga kelele: "Yarabi, zamu ya ngamia imekwisha, sasa ni sisi!" Alipotiwa alitoa sauti ambayo ngamia angejivunia.

Majibu yalitoka baadaye. Ayeeyo alikuwa nayo. Mama wa Kiborana alikuwa nayo pia, na hakuumwa hata ukucha. Pua yake ilikuwa nzima, hamu ya chakula kama kawaida. Mimi sikuwa nayo. Mpaka leo sijui kwa nini, na tulikuwa tunaingiza nyuso mahali pamoja.

Tulimweleza nesi jinsi tunavyofanya kazi. Alituomba tumwonyeshe kwa mikono, hatua kwa hatua. Tulipofika kwenye fuu akafumba macho.

"Mnapuliza ndani?"

"Lazima. Kutoa hewa mbaya."

"Na anayefuata anavuta?"

"Sasa atanusa namna gani bila kuvuta?"

Akachukua muda kutueleza. Alisema mtu mwenye ugonjwa huu akipumua, akiongea, akicheka au akipuliza, hutoa vitone vidogo sana, vingine havionekani hata kwenye mwanga, na virusi vimepanda humo kama abiria. Vitone vikubwa huanguka karibu. Vile vidogo hubaki hewani, hasa mahali palipozibwa. Na mtungi ni nini, akauliza, kama si chumba kidogo kisicho na dirisha? Mnafunga hewa ya mmoja humo, mnampa mwingine.

"Kwa hiyo si maziwa?" nikauliza.

"Shida yenu ni pumzi zenu wenyewe. Ila maziwa nayo yachemsheni, kwa magonjwa mengine."

Mama wa Kiborana akaona mlango wa kutokea. "Basi ni ngamia! Hao watafiti walitafuta nini kwenye pua zao?"

Nesi akasema ngamia wana korona yao, ya ukoo huo lakini si hii, na mara chache huingia kwa mtu anayewakaribia sana. Hii ya sasa inatembea kwa watu, kutoka kwa mtu hadi mtu. "Ngamia wenu hawana kesi," akasema. Nadhani hilo lilitufurahisha kuliko dawa.

Kisha Ayeeyo akauliza lile lake. "Na pua imekwenda wapi?"

Nesi alichora kwenye kadi ya kliniki pua iliyofanana na kiatu. Alisema kirusi kina miiba juu yake, na mwiba huo hutafuta kitasa kinachoufaa kwenye chembe za mwili. Puani vitasa hivyo ni vingi. Kikiingia, kinaifanya chembe iache kazi yake na itengeneze virusi vingine, vinatoka, vinaingia kwa jirani. Mishipa ya kunusa yenyewe haishambuliwi sana. Zinazoumia ni zile chembe za pembeni zinazoilisha na kuitunza.

"Kwa hiyo mfalme mzima," akasema Ayeeyo, "ila wapishi wamekufa."

"Hivyo hasa. Wapishi wapya huzaliwa. Kwa wengi pua hurudi. Kwa wengine huchelewa, kwa wengine hairudi yote. Siwezi kukudanganya."

Na kwa mama wa Kiborana alisema kwamba mtu anaweza kukaa nayo bila kujisikia vibaya, na bado akawagawia wengine.

"Mimi nagawa maziwa tu," akajibu kwa hasira. Lakini nilimwona akisogeza kiti chake mbali na sisi, mpaka mgongo ukagonga mlango.

Banda lilifungwa kwa muda. Ayeeyo alikaa chumbani kwake peke yake, dirisha wazi, nami nikawa nampelekea chakula mpaka kizingitini. Mama wa Kiborana, ambaye naye alifungiwa kwake, alimpigia simu kila alipokumbuka, yaani kila wakati. Niliwasikia kupitia dirisha.

"Bado unapumua?"

"Napumua. Wewe bado unaongea?"

"Siku nikinyamaza ulete sanda."

Mwanzoni ilikuwa kikohozi na uchovu. Wiki ya kwanza ilipoisha, tulipodhani amepona, kifua kikabana. Alianza kukata sentensi katikati, na mtu aliyemjua alielewa kwamba hilo ni jambo kubwa. Tukampeleka hospitali. Huko walituambia virusi vimeshuka kutoka puani hadi mapafuni, kwenye vifuko vidogo ambavyo hewa huingilia damuni, na kwamba mwili wake unapigana kwa nguvu mpaka unajiumiza wenyewe, vifuko vinavimba na kujaa maji. Walimpa oksijeni, wakamlaza kifudifudi. Hatukuruhusiwa kuingia. Mume wangu alikaa ndani ya lori nje ya lango, na mimi nilikaa kando yake. Aliwasha redio, akazima, akawasha.

Alirudi. Mungu alimrudisha na sikuwa nimetegemea, huo ndio ukweli. Alirudi amekonda, sauti imekuwa ndogo, na jambo la kwanza alilosema mlangoni lilikuwa kuhusu chakula cha hospitali. "Nilikula kabeji yao yote," akasema. "Watu wakilalamika harufu, mimi naomba nyingine. Sikujua kukosa pua kuna faida."

Lakini pua haikuwa imerudi.

Nesi alimpa zoezi: kila asubuhi anuse vitu vichache anavyovijua vizuri, polepole, huku akikumbuka harufu zake, ili pua ijifunze upya. Nilimshikia limau, karafuu, kahawa na ubani. Kwa miezi hakukuwa na kitu. Kisha kikaja kitu, lakini kimekosea njia. Kahawa ilinuka tairi inayoungua. Marashi yangu, yale ya Idi, aliyasikia kama beberu. Na hakuyasema faraghani; alisema mbele ya wageni, kwa huruma: "Msimcheke, hajui kwamba ananuka." Nesi alisema ni dalili nzuri, wapishi wapya bado wanachanganya vyakula. Nilijaribu kufurahi.

Bandani tulikuwa tumebadilisha taratibu. Sasa kila shahidi alikuwa na kikombe chake. Unamiminiwa kidogo, unakwenda nacho pembeni kwenye upepo, unanusa peke yako. Kupuliza kulikatazwa. Ayeeyo alivichukia vikombe, akasema maziwa ya kikombeni yamekwisha kuamshwa, hayawezi kukuambia yaliota nini. Hata hivyo alikuja kila siku, akakaa kwenye kiti chake mlangoni, na hakuna aliyethubutu kumwondoa. Tulinusa sisi, tukamtazama, naye akasema "Ingia." Wafugaji hawakujua, au walijua wakanyamaza.

Siku moja alichukua kikombe changu mkononi mwangu, akanusa, akafunga macho kama zamani, akasema kwa sauti, "Rudi nyumbani."

Maziwa yalikuwa mazuri. Mwenye mtungi alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, aliyetoka mbali. Wote walinitazama mimi. Mama wa Kiborana akaanza tena kutafuta mawingu.

"Mama," nikasema, "ni mazuri."

"Mimi nasikia tairi."

"Najua, Mama. Lakini ni mazuri."

Alinirudishia kikombe. Kisha akasema, "Nieleze. Yananukaje? Usiniambie mazuri. Hata mwanasiasa anasema mazuri."

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikanusa tena. Nikasema kuna moshi, lakini si mwingi, moshi wa mgunga. Chini yake kuna kitu kama chumvi, na chini kabisa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kuoga.

Ayeeyo alitikisa kichwa taratibu. "Chumvi hiyo ni ya malisho," akasema. "Wamehamia bondeni." Yule mama akasema ndiyo, wamehamia juzi. "Ingia," akasema Ayeeyo kwa mtungi.

Tangu hapo ndivyo tulivyofanya kazi. Mimi nilinusa na kusema, yeye alisikiliza na kuhukumu. Mwanzoni maneno yalinipa shida. Nilikuwa na "tamu" na "chachu" tu, na alinidhihaki. "Shule ilikufundisha nini, hesabu?" Pole pole nikawa na mengi. Alikosea wakati mwingine, na mimi pia. Pua yake ilirudi nusu, limau na karafuu, lakini maziwa hayakurudi kamwe. Alinifanya niyaseme. Nikimaliza alikuwa anavuta pumzi, kama aliyekunywa.

Mwisho wa 2023 mvua zilinyesha sana. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu imevimba, na hakuweza tena kufika bandani. Alibaki nyumbani na mume wangu, ambaye aliacha lori kwa ajili yake. Mimi nilipiga simu kutoka mlangoni, mtungi kwa mtungi, na alitoa hukumu akiwa kitandani, kwa sauti kubwa ya simu ili wafugaji wasikie.

Asubuhi ya mwisho ilikuwa ya manyunyu. Nilipiga simu nikamweleza mtungi wa kwanza. Nikasema moshi ni mzito leo, unakwaruza kooni, una kitu cha uchungu kama gome.

"Huyo amefukizia kuni mbichi," akasema. Alikuwa anapumua kati ya maneno. "Mwulize. Ana haraka ya kwenda wapi?"

Nikamuuliza. Mwenye mtungi alivua kofia ya pikipiki, maji yakimtiririka, akacheka. "Mwambie Ayeeyo hakuna kuni kavu huku kwetu. Hata sisi wenyewe tumelowa mpaka ndani."

Simu ilikuwa imekatika. Nikapiga tena ili nimwambie. Iliita kwa muda mrefu, kisha ikapokelewa na mume wangu.